Kitanda cha Fundi Presha

Jumatatu saa moja asubuhi, kabla ya chai, fundi pampu alipima kitanda chake kwa tepu ileile anayopimia mabomba. Kitanda kilinunuliwa sita kwa tano. Urefu ulikuwa bado futi sita, urefu haujawahi kuleta maneno, lakini upana ulikuwa umefika futi ishirini na tatu na nusu. Aliandika tarehe na kipimo nyuma ya kalenda, akatia tepu mfukoni, akaenda kunawa uso.

Mtaa mzima ulimwita Presha, kwa sababu kila nyumba aliyoingia swali lake la kwanza lilikuwa, "Presha ya maji ikoje hapa?" Kwa miaka ishirini na sita alikuwa akifunga na kufungua pampu, na alikuwa na sheria moja ambayo wateja walikuwa wameshaichoka: usifunge pampu mpya kabla hujajua ya zamani iliuawa na nini. Aliwahi kukataa kazi nzurinzuri kwa ajili ya sheria hiyo, akaondoka na boksi lake la vifaa.

Kitanda kilianza kupanuka mwaka na nusu uliopita, vidole vinne kila kinapopanuka. Mwanzoni walihamisha kabati. Kisha mwashi alikuja kubomoa ukuta wa chumba cha pili, kwa kuwa mabinti wao wote wawili walikuwa wameshaolewa. Mwashi aliuliza tu kama abomoe ukuta wote au aache kipande cha kushikia dari. Seremala naye alikuja kuongeza matendegu. Alitazama mto wa mume upande huu, akatazama mto wa mke kule ng'ambo, akasema, "Fimbo ya mbali haiui nyoka, fundi," akacheka peke yake na kuendelea kupiga misumari.

Mke wa Presha ni mshonaji wa mapazia na sare za shule. Kila kitanda kilipoongezeka, naye aliongeza kipande cha kitambaa kwenye shuka. Alitumia mabaki ya kazi za wateja, kwa hiyo shuka lilikuwa na michirizi ya kila rangi. Cherehani yake aliihamishia chumbani, ikakaa ukingoni mwa upande wake, ili asitembee sana.

Sasa tusifichane. Jogoo wa Presha alikuwa hawiki. Ilianza kidogokidogo, leo ndiyo kesho siyo, kisha ikawa siyo moja kwa moja. Alikwenda kwa daktari kimyakimya, akapimwa, akaambiwa ni kisukari, kimeshakula mishipa ya damu na mishipa ya fahamu. Alipewa vidonge. Vidonge vilimletea kichwa kuuma na pua kuziba, na kule vilikotakiwa kufika havikufika. Cheti cha daktari alikificha ndani ya boksi la nati.

Wiki hiyohiyo shangazi yake alikuja. Huyu ndiye aliyemlea, dada mkubwa wa baba yake, mwanamke ambaye hata mbwa wa jirani walimpisha njia. Alimtazama Presha usoni, akajua chumbani kuna jambo. Akauliza. Presha alijibu maneno mawili tu: "Muulize mwenyewe." Hakusema uongo, wala hakumsingizia mtu. Alisema "Muulize mwenyewe," akainua kikombe chake.

Shangazi akaenda jikoni kwa mkwe wake. Tangu siku hiyo, kila Jumapili baada ya chakula cha mchana alimkalisha jikoni saa nzima. Alimfundisha kunukia, kulala, kugeuka na kunyamaza. Alimletea mizizi ya kuchemsha, eti ya kutia joto mwanamke baridi, na yule mama aliinywa mpaka ikamharibu tumbo. Presha alikaa sebuleni akisikia kila neno, maana jikoni hakukuwa na mlango, kulikuwa na pazia tu.

Daktari wa pili, mwaka na nusu baadaye, alikuwa wa upasuaji. Alikuwa mtu mpole mwenye kalamu tatu mfukoni, na mezani alikuwa na kifaa cha mfano ambacho alikishika kama mtu anavyoshika miwani yake.

"Mirija hii miwili tunaiingiza ndani ya uume," alisema. "Pampu hii ndogo inakaa kwenye mfuko wa korodani. Kifuko hiki cha maji kinakaa tumboni, karibu na kibofu. Ukitaka, unabonyeza pampu, maji yanaingia kwenye mirija. Ukimaliza, unabonyeza hapa, yanarudi."

"Una beseni?" Presha aliuliza.

Muuguzi alileta beseni la maji. Presha alikizamisha kifaa, akakibonyeza mara thelathini, jicho likitafuta povu. Hakikutoa hata tone la hewa.

"Vali yake nzuri," alisema kwa huzuni, kwa sababu alikuwa ametumaini kukuta kasoro. "Inadumu miaka mingapi?"

"Kumi. Kumi na tano. Wengine zaidi."

"Ikiharibika?"

"Tunapasua tena."

"Na hii niliyozaliwa nayo?"

Daktari aliweka kalamu chini. "Tukishaweka kifaa, njia ya zamani haipo tena. Hata kama ulikuwa na siku moja ya bahati huko mbele, hiyo nayo imekwenda. Na sukari yako lazima ishuke kwanza. Isiposhuka, kidonda kinaweza kuoza."

Katika maisha yake Presha alikuwa amefungua maelfu ya pampu, na hakuwahi kuona hata moja ambayo haikuja kuharibika siku moja. Sasa nyingine ingewekwa ndani yake mwenyewe, na nje hapangekuwa na hata skrubu moja ya kuifungulia. Aliogopa kisu. Aliogopa kuoza. Aliogopa kulala mezani akiwa mwanamume mbovu na kuamka akiwa si mwanamume wala mashine. Muuguzi akaondoa beseni.

"Jambo moja," daktari alisema. "Mwenye mke haji kwangu peke yake. Hiyo ndiyo sheria yangu. Alhamisi uje naye, maana kitu hiki kinatumiwa na watu wawili."

Hilo aliliogopa kuliko kisu.

Jumatano jioni alimwita mkewe kutoka upande wake wa kitanda. Ilibidi apaze sauti kidogo. "Kesho tunakwenda hospitali."

"Nani anaumwa?"

Presha alitafakari. "Tutaambiwa hukohuko," alisema, akajifunika.

Alhamisi mkewe alikaa mbele ya daktari, mkoba juu ya magoti. Daktari alifungua faili akasoma kila kitu, pamoja na tarehe ya vipimo vya yule daktari wa kwanza. Mke alisikiliza mpaka mwisho.

"Daktari," alisema, "ugonjwa huu mke anaweza kumletea mumewe?"

"Hapana, mama."

"Mke akiwa baridi?"

"Hapana."

"Na akinywa mizizi?"

"Mizizi ya nini?"

"Basi, daktari. Endelea."

Walipofika nyumbani alitundua kalenda ukutani, akavaa miwani, akaigeuza nyuma. Alipitisha kidole kwenye tarehe zote, moja baada ya nyingine, na Presha alisimama kando yake kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini.

"Hizi zote ni Jumatatu," alisema mkewe.

"Napima kila asubuhi. Naandika kikiongezeka tu."

"Kwa hiyo kinakua Jumapili."

Presha alitoa tepu mfukoni, akairudisha.

"Jumapili nani huja hapa, baba watoto?"

Presha alijitazama kucha. Mkewe aliirudisha kalenda kwenye msumari wake, akainyoosha isikae upande.

"Wewe huwaambia nini wateja wako kuhusu pampu mpya?" aliuliza. Kisha aliendelea mwenyewe. "Sikukatazi. Mwili ni wako, na mimi nimekukosa, sitasema uongo. Na hicho kisu nakiogopa kama wewe. Lakini kabla hawajakupasua, mwambie shangazi yako maneno matatu tu. 'Ni mimi, shangazi.' Siku hiyo nitachukua mto wangu nije huko, pampu iwepo isiwepo."

"Nitamwambia."

"Jumapili?"

"Jumapili."

Siku tatu hizo Presha hakula vizuri. Alifunga pampu ya shule kinyume, maji yakarudi kisimani. Alijizoeza yale maneno matatu akiwa ndani ya tangi tupu la mteja, na tangi likamrudishia sauti yake kubwa na nzito, mpaka akadhani yupo mtu mwingine humo ndani, akatoka mbio.

Jumapili shangazi hakwenda jikoni. Alikaa sebuleni, akavua viatu.

"Mwanangu, huyu tumempa mwaka na nusu," alisema. "Nimeongea na wazee. Mwanamke asiyebadilika hurudishwa kwao. Na kuna mjane mmoja nimemwona, ana adabu, ana meno yote. Mwezi ujao wazee watakuja kulimaliza."

Mke alikuwa amesimama nyuma ya pazia la jikoni. Miguu yake ilionekana chini ya pazia, imetulia. Presha alifungua mdomo. Koo lilivuta, likavuta, kama pampu iliyonyonya hewa, halikuleta kitu.

"Shangazi, nipe miezi minne kwanza," alisema hatimaye. "Nina matibabu. Mgongo."

"Mficha maradhi kifo humuumbua," shangazi alisema kwa huruma. "Ungeniambia mapema kuhusu huo mgongo. Haya, miezi minne."

Miguu chini ya pazia iliondoka. Jumatatu asubuhi kitanda kilikuwa kimeongezeka vidole vinne.

"Nitamwambia nikishapona," Presha alipaza sauti kuelekea ng'ambo.

"Sawa," mkewe alisema. Ilikuwa ile sawa anayowapa wateja wanaosema watarudi kesho kuchukua mapazia.

Sukari ilichukua miezi miwili kushuka. Presha aliacha soda, aliacha mkate mweupe, alitembea kwa mguu kwa wateja wote, na kila wiki alitumaini kwamba ingegoma kushuka. Ilishuka. Asubuhi ya upasuaji alikaa kwenye kitanda chembamba cha hospitali, futi tatu tu, akiwa amevaa gauni lililofungwa nyuma kwa kamba. Mkewe alikuwa kwenye korido, ameshika ndala zake. Dirisha lilikuwa wazi na chini aliona barabara ya kurudi nyumbani. Jasho lilimtoka mpaka nyayoni. Muuguzi alikuja na karatasi, akauliza mara ya mwisho kama ameamua.

Presha alifikiri vizuri. Kati ya mambo mawili aliyoyaogopa duniani, moja lingefanywa yeye akiwa usingizini. Akasema ndiyo.

Kifaa kilikaa vizuri. Kidonda kilifunga bila usaha. Baada ya wiki sita muuguzi alimfundisha kubonyeza na kuachia, na Presha akafanya kazi safi kiasi kwamba daktari aliitwa aje aone. Alirudi nyumbani anapiga mluzi, na mtaani watu wakasema Presha amepona mgongo.

Jumapili iliyofuata shangazi alimsikia akipiga mluzi tangu getini. Aliingia, akamtazama usoni, akatabasamu, akaenda moja kwa moja jikoni, akamleta mkwe wake sebuleni kwa kumshika mkono.

"Si nilikwambia?" alimwambia. "Ile mizizi haijawahi kushindwa. Umechelewa, lakini umejifunza. Nimeshawaambia wazee wasije." Akamkumbatia kwa nguvu, kwa upendo wa kweli, kwani shangazi hakuwa mtu mbaya. Alikuwa hajaambiwa tu.

Mke alimtazama Presha juu ya bega la shangazi, akasubiri. Alisubiri kwa muda ambao mtu angeweza kusema maneno matatu mara kumi. Presha aliogopa vilevile, kana kwamba hakuna aliyewahi kumpasua. Shangazi alikuwa mzee sasa. Alikuwa na furaha. Na angeuliza kwa nini alifichwa wakati wote huo.

"Shangazi," Presha alisema, "chai inapoa."

Saa tisa alasiri shangazi aliaga. Mke aliosha vikombe, akaingia chumbani, akakaa kwenye cherehani yake. Presha aliingia baada yake, akapanda kitandani kwa upande wake, akabonyeza kama alivyofundishwa. Pampu ilivuta maji, ikasukuma, ikashika. Haikuvuja popote. Akapiga magoti, akaanza kutambaa kuelekea kwa mkewe.

Alipita mshono baada ya mshono. Kipande cha buluu ni Jumapili ya mizizi. Kile cha maua ni Jumapili aliyosikia mkewe akifundishwa kunyamaza. Kijani cha sare ya shule ni Jumapili ya mjane. Alivijua vyote, kwa kuwa siku zote hizo alikuwepo sebuleni na kikombe chake. Alipofika kwenye mshono wa mwisho shuka liliisha, mbele pakawa na godoro tupu. Alitambaa juu yake, na godoro lilizidi kuja. Mgongo wa mkewe na cherehani yake vilikuwa vinasogea mbele kwa mwendo uleule wa magoti yake. Ukuta wa nje ulikuwa umeanza kupasuka kwenye kona. Kesho mwashi angehitajika tena.

Presha akasimamisha magoti. "Mke wangu," aliita.

"Leo kimepita vidole vinne," mkewe alisema bila kugeuka, huku akitunga uzi kwenye sindano. "Pima uniambie, nijue nakata kiasi gani."

Presha akatoa tepu mfukoni, akaanza kupima.