Chunjua la Mama Geertrui

Mama Geertrui alimkatalia Lieven kumwoa binti yake mlangoni mwa kanisa, watu wakisikia. "Mfuma nyuso! Tanneke wangu atakula nyuzi?"

Lieven alirudi karakanani, akaketi kwenye mtambo wetu wa kufumia mazulia ya ukutani. Mimi nafuma majani tu, nyuso ni zake. Akaanza kichwa cha Medusa, yule mwanamke wa hadithi za Wagiriki mwenye nyoka badala ya nywele, ambaye ukimtazama unageuka jiwe. Nikachungulia: chunjua la Mama Geertrui shavuni, vinyweleo viwili kidevuni.

"Lieven, unajichimbia kaburi."

"Fuma majani yako, Joos."

Hapa Oudenaarde tunafuma kwa upande wa nyuma. Picha yenyewe tunaiona siku ya kukata zulia mtamboni, na siku hiyo majirani wote huja kunywa bia. Mama Geertrui hajawahi kukosa bia ya bure.

Tulipoligeuza zulia, kila mtu alimgeukia Mama Geertrui. Kisha nikaona wokovu: hasira zilimsahaulisha Lieven kwamba picha hutoka kinyume. Chunjua la Medusa lilikuwa kwenye shavu la kulia. La Mama Geertrui liko kushoto.

"Siye!" nikapaza sauti. "Tazameni shavu!"

"Siye kabisa!" wakaitikia wote. Waongo wakubwa, nawapenda.

Mama Geertrui aliweka kikombe chini, akasogea.

"Nyamazeni. Nyie mnanijua kwa kunitazama. Mimi najijua kwa kioo, kila asubuhi. Na kiooni namwona huyu huyu."

Tanneke akaanza kulia. Lieven alikuwa mweupe kama sufi.

"Hata vya kidevuni umeviona," Mama Geertrui akamwambia, sauti imeshuka. "Marehemu mume wangu hakuviona mpaka anazikwa. Hili linatundikwa wapi?"

"Ukumbini kwa jaji mkuu, mama."

"Wageni wake wataogopa?"

"Na... nadhani, mama."

"Basi chukua sindano, uhamishe chunjua. Sitaki wakubwa watetemeke halafu sifa apate mwingine. Likikaa mahali pake, njoo nyumbani tuzungumze habari za Tanneke."

Lieven alirukia sindano papo hapo. Mama Geertrui akavuta kigoda, akaketi mbele yake na kumgeuzia shavu la kushoto, asije akakosea tena.