Sura Aliyoionyesha Ludivina

Jomar alianza kulia jikoni, akalia njia nzima, hata walipofika kwenye zahanati ya watoto pale mjini Iloilo, Ufilipino, kilio chake kilikuwa kimeshawatangulia mlangoni. Mama yake, Herminia, muuza supu ya tambi, alikuwa amemkamata mkono. Nyuma yao alifuata Ludivina, binti wa miaka kumi na mitatu, amebeba mkoba wa mdogo wake, kimya.

“Tumbo, daktari! Linaniulia mwanangu!” Herminia alisema hata kabla hajakaa.

“Pole, mama. Tumbo ni la nani?”

“La huyu hapa.”

“Basi ngoja huyu huyu anijibu.”

Daktari Salcedo akaweka mezani kadi yenye sura sita za kuchorwa: ya kwanza inacheka, ya mwisho inabubujikwa na machozi. “Nionyeshe unavyoumwa sasa hivi.”

Jomar akavuta kamasi, akafikiri, akagusa sura ya pili.

“Ya pili?” Herminia akaruka. “Na kelele zote zile? Umeamsha mtaa mzima, we mtoto!”

“Mama, tafadhali. Jomar, chooni ulienda lini?”

Mtoto akainama. “Vyoo vya shule vinanuka. Huwa najibana tu.”

Wote wakacheka, na Jomar mwenyewe akacheka. Akaandikiwa dawa ya kulainisha choo, akaambiwa anywe maji na ale mapapai.

Walipoinuka kuaga, daktari akamwona Ludivina. Bado alikuwa ameketi, amejikunja upande, jasho limemtoka juu ya mdomo.

“Na wewe, binti?”

“Sijambo.”

“Huyo hana neno,” Herminia akasema. “Huyo ni jiwe. Hajawahi kunisumbua.”

Daktari akamsogezea kadi ile ile. Ludivina akamtazama mama yake kwanza, kisha kidole chake kikapita sura moja baada ya nyingine, kikatua kwenye ya mwisho.

“Tumbo? Limeanza lini?”

“Jana. Lilianzia kitovuni, sasa limehamia huku kulia. Nikitembea linachoma.”

“Mbona hukuniambia, mwanangu?”

“Ulikuwa unamshughulikia Jomar, Nanay,” Ludivina akamjibu mama yake.

Maneno yale yalimwingia Herminia kama mwiba. Daktari akambonyeza binti tumbo upande wa kulia. Alipoachia, Ludivina akatoa mlio mdogo.

“Nadhani ni kidole tumbo,” daktari akasema. “Hospitali, sasa hivi.”

Alasiri ile ile akapasuliwa. Herminia alikaa nje ya mlango akisali, akianza sala asiimalize, akianza nyingine. Hatimaye daktari wa upasuaji akatoka, amevua barakoa.

“Tumekitoa kabla hakijapasuka. Mmewahi, mama.”

Herminia akaketi sakafuni palepale, akacheka na kulia kwa pamoja.

“Nanay, inuka, watu wanatuangalia,” Jomar akanong’ona.

“Waache waangalie!”

Ludivina alipozinduka, mama yake alikuwa amemshika mkono.

“Unajisikiaje? Usinifiche.”

“Koo limekauka. Mto huu mgumu. Kidonda kinauma. Na Jomar ananikalia mguu.”

“Ehe,” Herminia akasema, akimsukuma Jomar pembeni huku tabasamu limemjaa usoni. “Na nini kingine, mwanangu? Sema vyote.”