Baiskeli Tatu na Tela Moja

Mzee Machibya alipostaafu aliomba jambo moja tu: baiskeli yake ifike nyumbani ikiwa nzima. Hakutaka sherehe wala saa ya ukutani. Alikuwa amefanya kazi miaka thelathini na minne katika duka la vifaa vya ujenzi la marehemu Liaqat, pale mjini Mwanza. Kila Jumamosi jioni alivuka ziwa na baiskeli hiyo nyeusi ya chuma, Jumapili akampakia mkewe Wilhelmina hadi kanisani, Jumatatu asubuhi akarudi kazini. Wilhelmina nyonga ilikuwa imemkatalia, hatembei mwendo mrefu. Machibya alimtengenezea keria pana kwa nondo za dukani, akaifungia mto wa sponji, na mama wa watu akawa anakaa pale kama yuko sebuleni.

Safari hii mzee alikuwa anahama na masanduku yake yote, na Aman, mtoto wa Liaqat ambaye sasa ndiye mwenye duka, alijitolea kumpeleka hadi mlangoni. Tuseme kweli, hakujitolea kwa ajili ya mzee tu. Aman alikuwa na ugonjwa mpya, na ugonjwa wenyewe ni tela. Alikuwa amechomelewa kibanda cha magurudumu mawili cha kuvutwa na gari, ndani kuna godoro, jiko la gesi na dirisha lenye pazia. Mkewe Khushboo alikiita kabati linalotembea. Mpango wao ulikuwa kumshusha mzee ng'ambo, kisha waendelee hadi ufukweni, walale siku mbili kwenye tela na kuendesha baiskeli zao mpya zenye gia, nyepesi hata mtoto angezinyanyua.

Asubuhi ya safari Khushboo alimwamkia mzee shikamoo. Aman alisema, "Habari, mzee," kama alivyozoea tangu aliporithi kiti cha baba yake. Zamani alipokuwa mdogo, na Machibya akimshikia kiti cha baiskeli hiyohiyo ili ajifunze, shikamoo haikumpotea hata siku moja.

Nyuma ya tela palikuwa na vishikio vya baiskeli mbili tu, na hapo zikapanda zile mpya. Machibya akashauri ya kwake ilazwe ndani, juu ya godoro. Aman akakataa, akisema grisi ya cheni itaharibu mashuka. Akaisimamisha mbele, juu ya mkono wa chuma unaounganisha tela na gari, mahali ambapo alikuwa hajawahi kubeba kitu. Mzee akaifunga kwa mipira ya tyubu, barabara kabisa, kisha akachuchumaa akapatazama mahali pale kwa muda.

"Hebu ligeuze gari kidogo," akasema, "tuone kama pembe ya tela haitaigusa."

"Mzee, tela hili nimelichora mwenyewe."

Machibya akajifuta mikono akaingia garini. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, wamesema wahenga, ila hawakusema kwamba mara nyingine guu linalovunjika ni la huyo mkuu.

Kwenye kivuko wakaambiwa waingie kinyumenyume. Kurudisha tela nyuma si mchezo: ukikata usukani kulia, tela linakwenda kushoto. Aman alikuwa amejaribu mara mbili tu, tena kwenye uwanja mtupu. Sasa alikuwa na foleni nzima ikimtazama, na dereva wa lori la viazi amekaa juu ya boneti anakula karanga kama yuko sinema. Aliyekuwa akielekeza magari ni Chenge, mtu wa makamo mwenye kizibao cha kung'aa. Alimwita taratibu kwa mikono, njoo, njoo, kata kushoto. Tela lilianza kujikunja. Chenge akanyoosha kiganja: simama.

Aman alikiona kiganja hicho kwenye kioo. Alikiona wazi kama anavyoona kucha zake. Lakini dereva wa viazi alikuwa ametupa neno, watu wakacheka, na damu ikampanda Aman kichwani. Akakanyaga mafuta.

Mlio uliotoka haukuwa mkubwa. Aliposhuka alikuta pembe ya tela imeibana baiskeli kwenye mlango wa nyuma wa gari. Rimu la mbele lilikuwa limejikunja, fremu imevunjika chini ya kiti, na keria imelala upande na mto wake wa sponji. Mipira ya mzee ilikuwa bado imekaza. Zile mpya mbili kule nyuma hazikuwa na mkwaruzo.

Watu wakasogea. Aman, badala ya kunyamaza, akamgeukia Chenge. Akasema kwa sauti kwamba huyu mtu amemwita njoo, njoo, mpaka amevunja mali ya watu. Chenge akajibu kwa adabu kwamba alikuwa ametoa kiganja. Ubishi ukamleta msimamizi wa kivuko, mwanamke aitwaye Odeta, asiyecheka ovyo. Aliwasikiliza wote wawili, kisha akapita katikati yao akaenda kwa Machibya. Alimjua mzee kwa miaka mingi ya Jumamosi na Jumatatu.

"Mzee, wewe hujawahi kunidanganya," akasema. "Chenge alisimamisha gari, au hakusimamisha?"

Machibya alikuwa amekaa kiti cha nyuma, na kioo cha pembeni cha kuonea nyuma kilikuwa mbele ya macho yake. Aman alijua kwamba ameona. Alijua pia huyu mzee hadanganyi. Alipokuwa na miaka tisa alivunja kioo cha kabati la dukani, akamsihi Machibya aseme ni paka, na Machibya akamwambia Liaqat ukweli hapohapo.

"Mimi," akasema Machibya, "nilikuwa naangalia ziwa."

Odeta akamwambia Chenge avue kizibao, suala lake litaendelea ofisini. Chenge akakivua, akakikunja vizuri, akaenda kukaa penye kamba za kivuko.

Gari na tela vikaingizwa, kivuko kikang'oa nanga. Aman alikaa nyuma ya usukani akitamani sakafu ya chuma ipasuke immeze. Angeweza kuvumilia kama mzee angemtukana. Kilichomchoma ni kwamba amemfanya mtu wa miaka sitini na minane aseme uongo, uongo wake wa kwanza pengine, tena kwa ajili yake. Khushboo alikuwa amegeuzia uso dirishani. Naye alikuwa amekiona kiganja.

Machibya alisema polepole, bila kumtazama. "Baba yako aliniachia neno. Aliniambia, mwanangu akikosea, mwambie mkiwa wawili, usimwaibishe mbele za watu. Leo nimelishika neno lake." Akashika kitasa cha mlango. "Lakini yule mwenye kizibao naye ana baba yake."

Akafungua mlango akashuka, akaenda kusimama karibu na baiskeli yake.

Aman alichomoa ufunguo. Kisha naye akashuka. Ilikuwa hatua kama ishirini kufika kwa Odeta, na kila aliyempisha alimtazama. Alisema kwa sauti, kwa sababu aliposingizia alisingizia kwa sauti. Alisema alikiona kiganja, akakanyaga mafuta kwa kiburi, na Chenge hana kosa. Hakuna aliyempigia makofi. Dereva wa viazi alitema ganda la karanga akasema, "Mhindi na kibanda chake," na safari hii Aman aliona ni haki yake. Odeta akamrudishia Chenge kizibao. Chenge akakivaa, akampita Aman, akaenda kufungua mnyororo wa mlango wa kivuko.

Aman akarudi kwenye tela, akaifungua mipira, akaibeba baiskeli iliyovunjika akailaza juu ya godoro. Grisi ikachora shuka jeupe kutoka mwanzo hadi mwisho. Khushboo alimshikia mlango.

Walipofika, Wilhelmina alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni, fimbo mapajani. Aliwakaribisha kwa furaha mpaka alipoona kilichotolewa kwenye tela. Akamuuliza mumewe nani ameivunja. Machibya akageuza macho kuelekea upande wa ziwa, na Aman akatambua kwamba mzee yuko tayari kuyaangalia maji mara ya pili.

"Shikamoo, mama," akawahi kusema. "Nimeivunja mimi. Mzee alinionya, nikamdharau."

"Marahaba," akasema Wilhelmina. Aliitazama keria ile kwa muda mrefu. Kisha akauliza, bila hasira, kama mtu anayeuliza njia tu, "Sasa Jumapili nitaendaje?"

Aman alikwenda upesi nyuma ya tela. Alifungua vishikio, akashusha baiskeli yake mpya, halafu ya Khushboo, akazisimamisha mbele ya mama yule, na ndipo yeye na wote waliokuwepo pale wakaona kwamba hakuna hata moja yenye keria.