Picha Nzima ya Sultani

Zubeir alipokuja kumposa Swalha, binti wa marehemu kaka yangu, hakuleta wazee. Guangzhou hii ya China, mwaka 1998, wazee angewatoa wapi? Alileta picha ya baba wa babu yake, Sultani wa Mwambwe, ndani ya fremu nene ya rangi ya dhahabu. Kisiwa chenyewe ukipiga chafya upande huu wanakuitikia "afya" upande wa pili, lakini sultani ni sultani. Mimi mchuuzi wa nguo wa soko la Shisanhang ni nani nibishe?

"Shangazi," akaniambia, "vita vya kwanza vya dunia huyu alisimama na Waingereza waliotutawala. Mjerumani alikuwa adui yetu mpaka mwisho."

Sisi pia asili yetu Mwambwe. Babu yangu Ahmada alipotea katika vita hivyo hivyo, na watu wa jumba la Sultani wakamwambia bibi kwamba Waingereza wamemchukua akabebe mizigo. Tukawalaani Waingereza miaka themanini. Masikini, sijui kama walisikia.

Niliomba wiki moja nifikirie jibu. Swalha hakuhitaji hata dakika. Siku hizo alikuwa akifunga marobota huku anaimba. Wiki hiyo hiyo Mtukufu wetu Zubeir akapeleka picha kiwandani ichapwe kwenye masinia mia mbili ya kugawa harusini. Jibu langu alishajijibia.

Ijumaa tukaenda watatu kuona sinia la kwanza. Mwenye kiwanda, mwaminifu kupita kiasi, alikuwa ameitoa picha kwenye fremu akaichapa nzima, pamoja na upande uliofunikwa na fremu. Aliyefunika alijua anachofunika. Sultani amesimama bega kwa bega na afisa wa Kijerumani, na pembeni yao wanaume waliofungwa minyororo shingoni. Chini pameandikwa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Mjukuu wa wafalme hakujua kuzisoma, nikamsomea mimi: "Wapagazi arobaini, zawadi ya Sultani kwa Wajerumani, 1916."

Uso wa babu siujui, nikawatazama wote mmoja mmoja.

"Kumbe ukarimu mmeurithi," nikasema.

Swalha alimtazama Zubeir. Nina hakika angemsamehe, maana mtu hachagui babu. Neno moja la pole lingetosha. Lakini Zubeir alimgeukia mwenye kiwanda, kidole juu ya sinia, akamwita bosi kwa Kichina.

"Laoban, kata huyu mzungu. Na hawa wa pembeni kata. Abaki Sultani tu."

"Hao wa pembeni ndio wa kwetu," Swalha akasema.

"Mpenzi, ni picha tu. Mambo ya zamani hayo."

"Basi mwambie anikate na mimi."

Akatoka. Maneno makali niliyomwandalia Zubeir wiki nzima hayakuwa na kazi tena. Nilimkuta kituo cha basi analia kwa kwikwi, akaniuliza kama amekosea. Nikamwambia hapana, nami nikakaa chini nikalia.