Mchicha wa Kongowea

Mchicha ulianza kulala kabla hata Mwalimu Suleiman hajamaliza safu ya kwanza. Kafedha alisimama kando ya tuta lake, mikono nyuma, akiutazama kwa pembe ya jicho. Yalianza majani ya chini, yakajikunja kama masikio ya mbuzi mgonjwa. Kisha vikaja vichwa. Asubuhi alipouchomeka ulikuwa umesimama wima, mbichi, wa kupendeza. Sasa jua la Kisauni lilikuwa limepanda juu ya mabati ya shule, na Mwalimu alikuwa bado kule mwanzo, anatia kidole udongoni, anauliza maswali, hana haraka.

Matuta hayo yalikuwa nyuma ya vyoo vya shule, moja kwa kila mwanafunzi wa Kilimo wa kidato cha nne, na kila moja na kibao chenye jina la mwenyewe. Ulikuwa mradi wa mtihani wa taifa: otesha mboga ya majani tangu mbegu hadi kuchuma, na mwalimu akupe alama kila hatua. Asiye na mradi alihesabiwa kuwa somo zima hakulifanya. Na kwa Kafedha, Kilimo ndilo somo lililokuwa likimbeba. Likianguka hilo, yote yameanguka, na chuo asikiote tena.

Hakuotesha kitu. Si kwamba hakujua. Kila wiki alikuwa na sababu, na ubaya wa sababu zake ni kuwa zilikuwa za kweli. Bomba la shule lilikuwa kavu. Tangi lilikuwapo, refu, jeusi, limeandikwa jina la mheshimiwa kwa rangi nyeupe. Siku ya kulizindua alikuja na wapiga picha, akakata utepe, akala biriani ya shule, akaondoka na ahadi kwamba maji yanafuata. Humo ndani hayajawahi kuingia maji ya kumtosha kunguru.

Mwalimu naye alisema atakagua baada ya likizo, akaitwa mkutanoni. Akasema wiki itakayofuata, walimu wakagoma. Kila ukaguzi ulipoahirishwa Kafedha alishusha pumzi, akajiambia ataanza kesho. Wakubwa wakisema kesho, huitwa mipango. Mtoto wa hamali akisema kesho, huandikiwa sifuri.

Baba yake, Munga, alikuwa akisukuma mkokoteni soko la Kongowea. Mkewe alifia kwenye benchi la zahanati ambayo siku hiyo haikuwa na daktari wala dawa, na tangu hapo hakuwa na neno jema kwa mtu yeyote mwenye ofisi. Jana jioni Kafedha alipomwambia kuwa ukaguzi ni kesho na tuta ni tupu, hakumkaripia.

"Maji waliwawekea?"

"Hawakuweka, baba."

"Basi wanakagua nini?" Alitema mate pembeni. "Sikiza, mwanangu. Hao wametudanganya sisi tangu tuzaliwe. Wewe mdanganye mmoja tu, mara moja. Mchicha wa sokoni unakuja na mizizi yake. Utauchomeka, atapita, ataandika, yamekwisha."

Na kweli, mchicha wa Kongowea hung'olewa mzima mzima na kufungwa mafungu kwa kamba za mgomba, mizizi na udongo wake, usinyauke njiani. Asubuhi walinunua mwingi hata muuzaji akacheka. "Vipi, mna harusi?"

"Tuna mkaguzi," Munga alimjibu.

Sasa mkaguzi alikuwa safu ya pili.

"Kafedha," Riyadh aliita kwa sauti ya chini kutoka tuta la mbele. "Bustani yako imechoka. Iletee kiti."

"Angalia yako."

"Yangu ina afya. Yako naona inaomba ruhusa kwenda nyumbani."

Wenzake wakacheka puani. Kafedha alimgeukia Zubeda, jirani yake wa tuta, ambaye kila asubuhi alipita kisima cha msikiti na kuja na mtungi wa njano kichwani.

"Nigaie maji. Leo tu."

Zubeda aliutazama ule mchicha, akamtazama na mwenyewe. "Maji nitakupa. Lakini wallahi huu haukushika, shoga. Ukiumwagia utalala chini."

"Nipe tu."

Akamwaga kwa pupa, akitaka uinuke kabla Mwalimu hajageuka. Udongo aliouchimba juu juu asubuhi ukayeyuka, ukatiririka pembeni, na miche ikaanguka mmoja baada ya mwingine. Pale kati fungu zima likabiringika, na kamba ya mgomba bado imelizunguka kiunoni. Alikuwa amelichomeka bila kulifungua.

Kafedha alipiga magoti kuifukia ile kamba. Viatu vya Mwalimu Suleiman vikasimama kwenye tuta la Zubeda, hatua chache tu kutoka pua yake.

"Miche uliipunguza lini?"

"Ilipofika urefu wa kidole, Mwalimu," Zubeda alijibu.

"Maji unatoa wapi?"

"Kisimani, Mwalimu. Msikitini."

Kafedha alisikiza huku majibu yake mwenyewe yakijipanga ulimini. Bomba. Tangi. Mgomo. Mheshimiwa. Yote yalikuwa kweli, na yote yalikuja kwa sauti ya baba yake, ile sauti ya jioni ambayo hukusanya makosa ya dunia nzima bila kuacha hata moja la kwake mwenyewe. Zubeda alisoma shule hiyo hiyo, bomba lake lilikuwa hilo hilo kavu. Vidole vya Kafedha vilikuwa juu ya ile kamba. Akaivuta, akalitoa fungu zima, akasimama nalo, matone ya tope yakimdondokea kwenye sketi.

"Mwalimu, huu tumeununua Kongowea leo asubuhi."

Riyadh alianza kucheka, akaona hakuna anayemfuata, akanyamaza.

"Nilijua tangu nilipotoka ofisini," alisema Mwalimu. "Mchicha usio na hata jani moja lililoliwa na mdudu. Nilikuwa nangoja uniambie umeota kwa umande."

"Bomba halina maji, Mwalimu." Lilimponyoka.

"Halina. Hata kwangu halina, na nimewaandikia hao wakubwa hadi nimechoka. Zubeda anamwagilia mate?"

Mwalimu aliandika, taratibu, na kila alipoandika alisema alichoandika. Kutayarisha shamba, sifuri. Kupanda, sifuri.

"Hizo zimekwenda, siwezi kukurudishia. Lakini alama za kuchuma nazipeleka mwisho wa mwezi ujao. Mchicha hauna makuu, unawahi kuota na kuliwa. Nitakachokikuta hapa siku hiyo, hicho ndicho nitakachoandika. Nisipokikuta, usinililie." Akamtazama. "Utaanza lini?"

Neno lilikuwa limeshafika mdomoni, lile neno lake la siku zote, tamu, lisilo na uzito. Kengele ya chakula ikalia. Wenzake wakaanza kwenda. Kafedha aliumauma mdomo.

"Sasa hivi, Mwalimu."

Mwalimu akaenda kwa Riyadh.

Jembe la shule lilikuwa na mpini uliopasuka, na chini ya ule udongo laini wa juu ardhi ilikuwa ngumu kama sakafu. Kafedha alilima wakati wenziwe wakila, jua likimchoma utosini, viganja vikimtoka malengelenge. Zubeda alirudi na kipande cha gazeti kilichosokotwa, ndani yake mbegu nyeusi, ndogo kama baruti.

"Nalikwambia tuchote sote," alisema.

"Ulinambia."

"Kesho nakupitia mapema. Usiponifungulia, siji tena."

Jioni ule mchicha wa Kongowea ulipikwa kwa nazi. Munga alimega tonge, kisha akauliza, "Kasemaje?"

"Ameandika sifuri mbili."

"Umeona? Hao watu—"

"Baba, ule mtungi wa nyuma ya mlango unavuja?"

Ulikuwa mtungi wa mama yake. Munga aliacha kutafuna. "Hauvuji. Wa nini?"

"Kisimani. Zubeda ananipitia."

Baba yake alitafuna tena, akasikia kitu menoni. "Huu una mchanga."

"Ni wa tuta langu."

Baada ya kula Munga alitoka uani na ule mtungi, na Kafedha akamsikia akiusugua ndani kwa majivu, taratibu, muda mrefu.

Siku Mwalimu Suleiman aliporudi, mchicha wa Kafedha haukuwa mrefu kama wa Zubeda, na majani yake yalikuwa na matundu. Mwalimu alichuma jani moja, akaliinua juani akachungulia kwenye tundu lake, akaandika. Haikuwa alama ya kujivunia, lakini mradi ulihesabiwa, na somo likabaki lake.

Nyuma yao tangi lilisimama na jina lake jeupe. Maji yalikuwa bado yanafuata.