Josho la Akli

"Fetta, mmeshamwosha?"

Bi Wardia aliniuliza hivyo kutoka upande wa pili wa ukuta. Mimi nilikuwa nimeketi chini, karibu na kichwa cha mume wangu. Hakuuliza amekufaje, wala nani kamleta. Asubuhi ile ya Alhamisi wanawake wote walikuwa chemchemini wakisubiri zamu ya maji, na wote waliliona lori la jeshi likimshusha Akli ndani ya blanketi la kijivu, kama gunia la makaa.

"Bado," nikamjibu.

"Fanya haraka, mdogo wangu. Kapteni wa kambi anakuja mwenyewe kuangalia."

"Akli haoshwi, Bi Wardia."

Nilimsikia akivuta kamasi.

"Ukuta huu ni wako na ni wangu," akasema. "Wakiilipua nyumba yako kwa baruti, mimi nitalala wapi? Ndani ya mtungi wa mafuta?"

Sikumkasirikia. Alikuwa anasema kweli, na alikuwa analia.

Kwetu milimani kila mtoto anajua. Anayekufa kwa ugonjwa au uzee anaoshwa na kuvikwa sanda. Anayeuawa na adui anazikwa na nguo zake na damu yake, kwa sababu damu ile ndiyo ushahidi wake mbele ya Mola. Mwezi uliotangulia, kijiji cha juu yetu walimzika kijana mmoja namna hiyo. Wanawake wakampigia vigelegele vya shahidi, vikasikika mpaka bondeni, na soko likafungwa siku tatu. Kapteni akauliza sababu, akaambiwa. Alikuwa na kitabu chake kuhusu mila zetu, kilichoandikwa na watu wa kwao Ufaransa, na alikisoma kweli kweli. Tangu siku ile ikatoka amri: kila maiti aoshwe mbele ya askari, na nyumba ya anayekaidi ilipuliwe. Walikuwa wameshachukua mashamba ya bonde na kutuachia mawe. Sasa walitaka na damu yetu waifute, tena tuifute kwa mikono yetu wenyewe.

Akli walimchukua Jumatatu kwenye kinu cha zeituni, mikono yake inang'aa mafuta. Alikuwa akiwakamulia watu wote, mwenye punda na asiye na punda. Aliwaambia askari, "Ningojeni nimalize kapu hili, ni la mjane." Hawakumngoja. Alhamisi wakamrudisha, wakasema alipelekwa kuokota kuni akaanguka mwambani. Nimezaliwa katika miamba hii. Sijauona mwamba unaomfunga mtu waya mikononi.

Saa sita Kapteni aliingia na askari wawili. Nyuma yao alikuja Rabah, mkalimani, ambaye ni wa kijiji chetu hiki hiki, na mzee Mezian, mwosha maiti wetu, ameshikwa kwapa kama mwizi. Mkono mmoja ameshika birika, mwingine kifurushi cha karafuu maiti. Bi Wardia naye alijipenyeza mlangoni.

"Umenenepa, Rabah," akamwambia. "Mkate wa kambini umekukubali."

"Nyamaza, mama. Siyo leo."

"Mama yako nani? Mimi wanangu wote nawajua."

Kapteni alivua kofia. Alikuwa mtu wa adabu. Hilo ndilo lililoniunguza zaidi. Akasema, na Rabah akatafsiri, kwamba ananipa pole, na kwamba anaiheshimu dini yetu, ndiyo maana ameleta maji ya moto kutoka kambini.

Mzee Mezian alipiga magoti akafunua blanketi. Alitazama mikono ya Akli, kisha kifua. Mzee yule ameosha watu tangu baba yangu akiwa hai, na siku zote hutoka chumbani kimya, maana mwosha hasemi alichokiona kwenye mwili wa mtu. Safari hii aliketi chini kabisa, birika likammwagikia magotini.

"Siwezi," akasema. "Mwambie mkubwa wako mikono yangu imekufa."

Kapteni hakupandisha sauti. Alisema kitabu kinaruhusu mke amwoshe mumewe. Basi nimwoshe mimi.

Ni kweli, dini inaruhusu. Lakini nilihisi nywele zinanisimama, kwamba mtu huyu anaifahamu sheria yetu kiasi hiki, na anaitumia kutufunga kama ule waya.

"Rabah," nikasema, "nitakachosema kitafsiri chote. Usipunguze."

"Fetta, shemeji, nakuomba. Mwagia maji mara tatu tu, waondoke. Mungu anajua nia."

"Anajua na yako. Tafsiri."

Nikaushika mkono wa kulia wa Akli. Ulikuwa baridi, bado unanuka zeituni. "Huu mkono una waya mpaka kwenye mfupa. Mwambie."

Rabah akamwambia.

"Kucha hizi mbili hazipo. Mwambie."

Akamwambia, sauti ikishuka.

"Hapa, chini ya titi, pameungua, madoa mawili yanayolingana. Na hapa ndipo ilipoingia risasi, kwa mbele, na nguo imeungua pembeni, maana aliyepiga alikuwa karibu naye kama wewe ulivyo karibu nami. Muulize mwamba gani huo."

Rabah alitafsiri huku akitazama ukutani. Askari mmoja, mtoto mdogo wa mashavu mekundu, akatoka nje akatapika kwenye mtini wangu.

Kapteni alivaa kofia yake tena.

"Asipooshwa hazikwi," Rabah akatafsiri.

"Basi asizikwe," nikasema. "Nimeingia eda leo, siendi popote kwa miezi minne na siku kumi. Nitakaa naye hapa hapa. Kesho wageni wenu wanatoka mjini kuja kuizindua shule mpya, si ndiyo? Njia ya shule inapita mlangoni kwangu. Mlango nitauacha wazi."

"Na mimi wa kwangu," akasema Bi Wardia.

Nilimgeukia. Alikuwa amejifuta machozi na ameweka mikono kiunoni, yeye na ukuta wake.

"Lipueni zote mbili," akaongeza. "Wageni waone na vumbi."

Kapteni alitazama saa. Akatazama mlango, na barabara nyeupe inayopanda kwenda shule yao, yenye bendera mpya imeshatundikwa. Sikumwona akiona haya. Nilimwona akipiga hesabu.

Akasema maneno machache, haraka. Rabah akayaleta: "Mzikeni alivyo. Kabla ya alasiri. Watu wanne tu wa kubeba, na asisikike mwanamke."

Nilimshukuru Mungu moyoni. Kapteni sikumpa shukrani hata ya kichwa. Mzee Mezian alikuwa tayari anamfunika Akli kwa burnusi yake, joho la sufu alilolivua mwilini, juu ya nguo zile zile, juu ya damu ile ile, mikono yake imefufuka.

Lakini kulikuwa na jambo lililonikaa kooni tangu waingie. Akli hakujua neno moja la Kifaransa. Na siku tatu nzima walimuuliza maswali.

"Rabah," nikasema, "kule kambini, aliyemtafsiria mume wangu ni nani?"

Akarudi nyuma kuelekea mlangoni.

"Alisema nini mwishoni? Wewe ndiye uliyemsikia. Alimtaja nani? Aliniita?"

Kapteni aligeuka, akamuuliza Rabah kwa lugha yao. Hata mimi nilielewa: alikuwa anauliza, huyu mwanamke anasema nini?

Rabah alifungua mdomo kwa Kapteni, akaufunga. Aliugeuza uso kwangu, akaufungua tena. Kapteni akamuuliza mara ya pili, kwa ukali. Bi Wardia akampisha Rabah mlangoni, naye akatoka bila kumtafsiria yeyote.