Nyumba Ninayomshikia Joyeuse

Gaspard alikuja kwenye atelie yangu ya kushona asubuhi moja, akakaa kwenye benchi ya wateja, akaniomba nishike nyumba yake atakapokufa. Vidole vyake vilikuwa vya manjano hadi kwenye kucha. Nilicheka, nikidhani anatania. Yeye hakucheka.

Tulikuwa marafiki kwa miaka thelathini. Alifundisha shule ya msingi hapa Bunia mpaka magoti yalipomkatalia kusimama mbele ya ubao. Mke wake alishakufa, na nyumbani alibaki na mtoto mmoja tu, Joyeuse, mwanamke wa miaka ishirini na nane ambaye hasikii wala hasemi tangu homa ya utotoni. Joyeuse anapika, anafua, anajua sura ya kila mtu wa avenue yetu. Lakini karatasi hajui kusoma, na mtu akipiga hodi, hasikii.

Katika ukoo walikuwa wameanza kusema kwamba nyumba haiachiwi mtu asiyesikia hodi. Aliyelisema kwanza alikuwa Blaise, mdogo wake Gaspard.

Ni lazima niseme ukweli kuhusu Blaise, maana wengi hapa wanamsifu mpaka leo. Yeye ndiye aliyemrudishia kaka yake magoti. Ana shamba la manjano kule Boga, ile mizizi waganga wa hospitali wanaita kurkuma. Anaichemsha, anaianika, anaisaga mwenyewe. Kila asubuhi alimletea Gaspard maziwa ya moto yenye kijiko kimoja cha manjano na pilipili manga kidogo, ili mwili uipokee vizuri. Baada ya miezi miwili uvimbe ulishuka. Mtu aliyekuwa anaegemea fimbo alitembea hadi misa na kurudi. Hata mimi nilinunua kwa ajili ya mgongo, na wanawake wa avenue waliitia kwenye maharage kwa ajili ya tumbo. Hakuna atakayeniambia manjano ni kitu kibaya.

Kisha damu ya Gaspard ikaganda mguuni. Hospitali walimpa vidonge vya kuifanya iwe nyepesi, vya kumeza kila siku. Tangu hapo Blaise alianza kuja asubuhi, mchana na jioni, na kijiko kimoja kikawa vitatu. Alisema ugonjwa umeongezeka, basi dawa pia iongezeke.

Gaspard alikuwa ameenda kumwona avoka mmoja, mwanasheria aliyekuwa mwanafunzi wake zamani. Huyo alimweleza kwamba katika nchi nyingine mtu anaweza kuweka mali yake mikononi mwa mtu anayemwamini. Mali inaandikwa kwa jina la yule mshikaji, lakini yeye hali chochote. Yote ni ya yule aliyeachiwa. Sheria yetu haina jambo hilo kwa namna ile, alisema, lakini tunaweza kulikaribia: wosia mbele ya notere, afisa anayethibitisha karatasi, nyumba iwe ya Joyeuse, isiuzwe maisha yake yote, vyumba viwili vya nyuma vipangishwe kwa chakula na matibabu yake, na mtu mmoja atajwe wa kusimamia yote.

“Nyumba haitakuwa ya kwako,” Gaspard aliniambia. “Weye utakuwa ukuta tu. Wakisukuma, wakute weye.”

Nilimwambia mimi si wa ukoo wao, watasema mimi Mbusa nimekula nyumba. Akajibu kwamba ndiyo sababu amenichagua: mtu wa ukoo anaweza kubembelezwa siku ya sikukuu. Nilikataa mara mbili. Mara ya tatu alikuja na Joyeuse. Joyeuse alitazama cherehani yangu kwa muda mrefu, kisha akaweka mkono wake juu ya mkono wangu. Alhamisi tulitia sahihi mbele ya notere na mashahidi wawili.

Blaise alijua kabla ya Jumapili. Nilingoja matusi. Badala yake alikuja atelie, akanisalimia kwa mikono miwili, akanishukuru kwa kumsaidia kaka yake. Aliuliza hali ya mgongo wangu. Aliuliza watoto wangu wanakaa wapi siku hizi, na kama bado ninapita barabara ya Bogoro peke yangu nikienda shambani. Nilimjibu yote kwa adabu. Alipoondoka niliona kwamba nimeshona mkono wa shati upande usio wake.

Majuma machache baadaye mikono ya Gaspard ilijaa alama za buluu, kama mtu aliyepigwa. Akila, ufizi unatoka damu. Nilimsihi aende kwa daktari na aseme anachokunywa. Alikasirika.

“Blaise ndiye alinirudishia miguu,” alisema. “Nimukatalie sababu ya nini? Sababu nilikupatia weye karatasi?”

Nikanyamaza. Niliona haya kuonekana mtu anayewatenganisha ndugu kwa ajili ya nyumba. Kunyamaza kule najutia mpaka sasa.

Jumanne moja saa sita mchana Joyeuse aliingia atelie akiwa amebeba mto wa kulalia wenye damu. Alinivuta shati. Tulimkuta baba yake ameketi kitandani, akisema maneno yasiyofuatana. Tulimpandisha kwenye motokari ya jirani hadi hospitali. Daktari aliuliza mgonjwa anakunywa nini, nami nikasema. Akaeleza kwamba manjano ya kwenye chakula haimdhuru mtu, lakini nyingi namna ile, pamoja na vile vidonge, inaifanya damu isahau kuganda. Wakati huo Blaise alikuwa ameshafika, amesimama kando ya ukuta.

“Kumbe,” alisema.

Muuguzi aliyekuwa akiandika aliinua kichwa. Alimtazama Blaise vizuri.

“Si weye ulikuwa naye siku ya kumupatia vidonge?” aliuliza. “Nilikuambia manjano hapana. Uliandika hata kwa karneti yako.”

Blaise alijibu polepole kwamba siku ile aliandika mambo mengi. Hakuna aliyemuuliza zaidi. Gaspard alikufa Ijumaa. Damu ilikuwa imevuja kichwani.

Siku ya tatu ya matanga Blaise alisimama, akatangaza kwamba ukoo utachagua mtu wa kushika nyumba. Nilitoa wosia. Chefu wa kartie, kiongozi wa mtaa wetu, aliusoma kwa sauti, mara mbili, na hakuna aliyeweza kuupinga. Joyeuse yuko ndani ya nyumba yake mpaka leo. Kwenye vyumba vya nyuma anakaa mwalimu mmoja, Clarisse, anayemfundisha kuandika jina lake. Lile la muuguzi nilimweleza avoka. Alisema karneti ni kijitabu tu, inaweza kuungua, na kwenye karatasi ya hospitali wameandika tu kwamba muzee alivuja damu.

Lakini siku ile ya matanga, chefu alipomaliza kusoma, Blaise aliuliza swali moja kwa upole.

“Na Mbusa akikufa?”

Chefu aliangalia mwisho wa ukurasa, akaugeuza, akaugeuza tena. Hapakuwa na jina la pili. Hatukulifikiria. Ni Gaspard peke yake angeweza kuliongeza, na Gaspard tumemzika. Nikiondoka mimi, baraza la ukoo ndilo litachagua, na mkubwa wa baraza hilo sasa ni Blaise.

Siendi tena shambani Bogoro. Sili kwa watu. Jumapili Blaise ananingoja nje ya kanisa, ananisalimia kwa mikono miwili, na watu wanatuona. Jumapili iliyopita aliniuliza nina miaka mingapi. Nilimwambia sitini na moja. Alinitazama kidogo, akasema alifikiri niko mzee zaidi.